Nafaka Saba Chini ya Kitanda

Nyinyi mnaoanza ukunga sasa, mkija hapa kwangu Kiogoro na kunikuta nimekaa kwenye baraza nimefumba macho, msidhani nimelala. Ninasikiliza. Wodi ya wazazi haitoki masikioni mwa mtu hata akistaafu. Kuna wakati nasikia magurudumu ya kile kitoroli chetu kibovu yakilia, nikifungua macho ni kuku tu.

Mnapenda kuniuliza niliwahi kukosea nini. Naona mnatarajia habari ya damu na sindano. Hizo mtazipata kwa walimu wenu. Mimi nitawaambia habari ya bakuli.

Lakini tuanze na mikono, maana nikisahau mtaondoka bila hilo. Mkono baridi ukigusa tumbo la mama, tumbo hujikunja kama konokono, na hapo hupimi kitu tena. Mimi nilikuwa nashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kabla ya kuingia, hata chai yenyewe nisiinywe. Wenzangu walisema Sista Moraa anapenda chai. Nilikuwa napasha mikono moto. Siku hizi mna mashine inayoupaza moyo wa mtoto mpaka baba aliyesimama mlangoni anausikia ukikimbia. Sina ugomvi nayo. Ila kile kipembe cha mbao cha kusikilizia tumbo tulichokuwa nacho sisi kilikulazimisha uinamishe kichwa karibu na mama, unyamaze, na mama naye anyamaze, na kwa dakika ile wodi nzima inakuwa mbali sana. Mambo mengi niliambiwa nikiwa nimeinama hivyo.

Ndivyo nilivyoambiwa la Irini.

Nilimalizia kazi yangu katika hospitali ndogo ya misheni kule Borabu, si mbali na Nyansiongo. Ukungu wa kule si kama wa huku kwetu. Asubuhi unasikia ng'ombe kabla ya kuwaona, unasikia madebe ya maziwa yakigongana barabarani na huoni anayeyabeba, halafu jua linapenya na mashamba ya chai yanatokea kidogo kidogo kama mtu anayekumbuka jambo. Katika ukungu huo ndimo alimotokea Daktari Mina kutoka Misri.

Tulipoambiwa anakuja daktari aitwaye Mina tulitayarisha chumba cha mwanamke. Tukaweka pazia la maua na kioo. Akashuka mwanamume mrefu mwenye ndevu, na nyuma yake mkewe, Irini, mwembamba, ameshika begi lake kifuani kwa mikono yote. Walikuwa Wakopti, yaani Wakristo wa kale wa Misri. Sisi tulikuwa hatujui kwamba Misri kuna Wakristo. Akina mama wa wodini waliijua Misri ya kitabu cha Kutoka tu, na bibi mmoja mgonjwa wa mguu alimwuliza daktari kwa upole kabisa kwa nini babu yake Farao alikuwa na moyo mgumu vile. Daktari Mina alicheka mpaka akavua miwani. Akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba ni Misri hiyohiyo iliyompokea mtoto Yesu alipokimbizwa na Herode, na kwamba karibu na kijiji cha bibi yake watu huonyesha mahali ile familia ilipopumzika. Bibi akalifikiria hilo. Siku ya pili mkungu wa ndizi ukafika mlangoni kwa daktari, na wengine wakafuata.

Irini alikuwa mkimya. Alikwenda sokoni peke yake akatembea kati ya mafungu ya mboga bila kuuliza bei. Siku moja akasimama mbele ya fungu la omotere, ile mboga ya kuteleza ambayo wengine huiita mrenda, akainama akaivuta harufu na macho yakajaa machozi. Aliyekuwa anauza alidhani mboga yake imeharibika. Kumbe kwao wanaipika pia. Aliniita nyumbani kwake nione. Aliikatakata laini sana, akaitia kwenye supu, halafu akakaanga vitunguu saumu vingi, na alipovimwaga sufuriani alivuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeshtuka. Nami nikashtuka. Akanieleza kwa mikono na maneno machache kwamba bila kushtuka hivyo mboga haipati ladha. Mama yake hufanya hivyo, na mama wa mama yake. Nimepika omotere maisha yangu yote bila kushtuka, lakini nakiri kwamba ile ilikuwa tamu.

Alipopata mimba alikuja kliniki kwangu. Nikainama na kipembe changu. Ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini, karibu na sikio langu, kwamba huyu ni wa pili. Wa kwanza alizaliwa kwao, akaishi siku nne. Alinionyesha kwa vidole, vinne. Kisha akanionyesha vingine vitatu, akavikunja. Sikuelewa vile vitatu, na sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Mama akikuonyesha kitu usichokielewa, muulize.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, alasiri moja ya mvua. Pikapu ya daktari ilinasa kwenye matope nusu ya njia kati ya nyumba yao na hospitali, nami nikaja mbio na begi na mwavuli. Daktari yule aliyezalisha wanawake sijui wangapi alikuwa amesahau kila kitu, amesimama kwenye mvua akishika mkono wa mkewe na kusali. Nilimpa mwavuli aushike ili apate kazi. Msichana akazaliwa humo ndani ya gari, mdogo kama kifaranga, akalia mara moja akanyamaza. Nikamlaza kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi, nikawafunika na koti langu. Wodini wakaanza kumwita Nyanchera, jina ambalo sisi Abagusii humpa msichana aliyezaliwa njiani. Irini hakumpa jina lolote. Kwenye kadi yake niliandika tu, mtoto wa Irini.

Maziwa hayakuja vizuri. Tulikamua matone, tukamnywesha kwa kikombe kidogo, na kila asubuhi mizani ilitupa habari mbaya kidogo kuliko jana. Irini alimkumbatia mchana kutwa na hakumtazama usoni. Mliokwisha kumpokea mama aliyewahi kuzika mtajua namna hiyo ya kushika mtoto. Anamshika kama kitu cha kuazima.

Sasa bakuli.

Asubuhi ya siku ya saba niliingia chumbani kwake mapema. Irini alikuwa ameenda kuoga, mtoto yuko na baba yake kwenye mizani. Mimi nilikuwa msimamizi wa wodi na nilijivunia usafi wa wodi ile kuliko kitu kingine chochote. Chini ya kitanda nikaona bakuli la maji lenye punje zimevimba, na kando yake kitambaa cheupe. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani. Sikufikiri hata kidogo. Nikalibeba, nikapita mlango wa nyuma, nikamwaga yote kwenye shimo la maganda ya jikoni. Bakuli nikaliosha, nikalirudisha likiwa safi linang'aa.

Aliporudi na mtoto mikononi akalitazama lile bakuli. Kisha akanitazama mimi.

"Nani?" akauliza.

Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini. Nilikuwa nimefundisha wasichana kama nyinyi wasiseme uongo hata katika kuandika joto la mwili. Nikasema, "Labda aliyefagia."

Aliyefagia alikuwa Mama Kemunto. Alikuwa mama wa makamo wa Nyansiongo, mpole, anayefanya usafi hospitalini tangu kabla yangu, mwenye kutembea taratibu kana kwamba sakafu imelala na hataki kuiamsha. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Alinisikia.

Irini akamlaza mtoto kwenye kitanda chake kidogo, akageukia ukuta. Nilipomletea kikombe cha kukamulia alikataa. Saa moja ikapita, nikamletea tena, akakataa. Mtoto alilia kwa sauti ile nyembamba, kama uzi, na mama yake hakugeuka.

Daktari Mina ndiye aliyenieleza, tukiwa kwenye korido, Mama Kemunto akipita na ndoo yake. Kwao, iwe ni Wakopti au Waislamu, mtoto akifika siku ya saba humfanyia sherehe waitayo subua. Usiku wa kuamkia siku hiyo huweka nafaka saba karibu na mtoto, na kesho yake humwagwa kumzunguka, apate riziki na maisha. Nafaka zile zilikuwa zimetoka shambani kwa mama yake Irini. Mama alikuwa amezihesabu yeye mwenyewe, akazifunga kwenye kitambaa, akamkabidhi binti yake siku alipopanda ndege. Mtoto wa kwanza hakuifikia siku hiyo. Zilibaki siku tatu.

Ndipo nilipovielewa vile vidole vitatu.

Nilirudi kwenye meza yangu nikakaa. Nje ukungu ulikuwa bado haujaondoka, na naukumbuka vizuri kwa sababu niliutazama muda mrefu, nikitamani uingie ndani unifunike. Mama Kemunto hakuonekana. Nikadhani ameenda kushtaki, na nikaona ni haki yake.

Alirudi karibu na saa sita, viatu vya mpira vimejaa tope mpaka juu. Alifungua pindo la leso mbele yangu. Ndani mlikuwa na konzi ya wimbi.

"Sista," akasema, "tangu asubuhi mimi sijaingia chumba kile."

"Najua, Mama Kemunto."

"Najua kwamba unajua." Akalifunga pindo tena. "Daktari amesema nafaka ni ngapi?"

Katika maisha yangu nimewahi kukaripiwa na madaktari wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyeniingia kama mwanamke yule mwenye leso ya wimbi.

Nikainuka. Nikaenda chumbani kwa Irini, nikamwita Daktari Mina aje atafsiri, na nikamwita Mama Kemunto asimame pale pale nilipomsingizia. Nikasema kwamba ni mimi niliyemwaga, kwamba nilidhani ni uchafu, na kwamba nilimsingizia mwenzangu kwa sababu niliona aibu. Daktari alisita, akanitazama, halafu akatafsiri. Irini alijibu bila kugeuka kutoka ukutani.

"Anasema alijua," daktari akasema. "Anasema sakafu ilikuwa bado kavu, haijapigwa deki."

Wanangu, mgonjwa aliyelala huona kila kitu. Msije mkajidanganya.

Niliomba msamaha kwa wote wawili. Mama Kemunto alisema, "Mbuya," yaani sawa, akaniuliza kama nina gambuti. Nikavaa nikashuka kwenye lile shimo la maganda mimi mwenyewe, msimamizi wa wodi, na sare yangu nyeupe, huku mpishi akinitazama dirishani. Kuku walikuwa wamenitangulia. Dengu, mchele, ngano, zote zilikuwa zimekwenda. Nilipata maharagwe manne tu, yale mapana ya kwao, kuku walikuwa bado hawajayagundua chini ya ganda la ndizi. Nikayaosha kwa maji ya moto mara tatu.

Kumbe wakati huo habari ilikuwa imeshatembea wodini. Kila mama kitandani alikuwa na ndugu anayekuja kumwona mchana, na kila ndugu alipigiwa simu. Mtama ukaja. Mahindi yakaja, njugu zikaja. Bibi yule wa mguu, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kufungwa bandeji upya, alituma mjukuu wake akarudi na kunde. Mtu akaleta mchele wa dukani kwenye karatasi. Hesabuni: wimbi, mtama, mahindi, njugu, kunde, mchele, na yale maharagwe manne. Saba. Na Mama Kemunto aliongeza sufuria ya chinsaga iliyochemshwa kwa maziwa, ile mboga chungu tunayompa mama aliyejifungua, akasema hiyo haimo kwenye hesabu, hiyo ni ya kula.

Alasiri ile jua lilitoka. Chumba kilikuwa kidogo, tukaingia tulioweza, wengine wakabaki mlangoni. Kwenye ukingo wa dirisha daktari aliisimamisha simu ikaegemea chupa ya spiriti, na ndani ya simu akatokea mama yake Irini, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, uso mpana, akituamuru kwa Kiarabu. Walimwita Teta, yaani bibi. Akina mama wa mlangoni waliposikia Teta walidhani ni tata, neno la Kigusii la baba, wakashangaa kumwona baba amevaa hereni.

Tulitandika leso kwenye ungo, tukamlaza mtoto ndani, tukauweka sakafuni. Teta akaelekeza utikiswe polepole, na Mama Kemunto ndiye aliyeutikisa, maana mikono yake ilijua ungo kuliko yetu. Nafaka na chumvi zikamwagwa kuzunguka. Halafu Irini alitakiwa kumruka mtoto mara saba. Alikuwa hajataka hata kuinuka. Daktari aliinama akamwambia kitu. Teta naye akasema kitu kutoka dirishani, si kwa sauti ya kuamuru sasa, na Irini akashusha miguu. Nilimshika kiwiko kwa sababu ya mishono. Akapita juu ya mtoto mara moja, mbili, tatu. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayetembea usingizini. Alipomaliza ya nne alisimama muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaendelea.

Baada ya hapo ni kinu. Kwao hugonga kinu cha shaba karibu na sikio la mtoto, sisi tulikuwa na cha mti. Mama Kemunto akapewa mchi na maneno ya kusema, sikiliza maneno ya mama yako, usisikilize ya baba yako. Ni utani wao. Lakini kwa Kigusii baba ni mama. Ndiyo, mtu akimwita mama yake humwita baba. Mama Kemunto alianza kutwanga, akafika kwenye neno baba, akasimamisha mchi hewani, akauliza kwa nini tunamkataza mtoto kumsikiliza mama yake mzazi. Ilichukua muda kueleweka, huku Teta akiuliza kwenye simu kuna nini. Mwishowe Mama Kemunto alisema, "Basi awasikilize wote wawili," akatwanga mara saba, akapumzika.

Ikabaki mishumaa. Huwasha mishumaa mitatu, kila mmoja una jina, na utakaodumu hadi mwisho ndio jina la mtoto. Daktari alitaka Marina. Teta alitaka Demiana, jina la mama yake. Wodi nzima ilitaka Nyanchera. Teta akagundua kwamba mshumaa wa Nyanchera ulikuwa mnene kuliko mingine, akadai ubadilishwe, na tukaubadilisha kwa aibu. Ikawashwa. Tukakaa. Chumba kilijaa harufu ya nta na chinsaga, mwanga wa jua ukawa rangi ya asali ukutani. Nimefanya kazi miaka mingi sana na dakika zile ndizo huzirudia nikifumba macho hapa barazani.

Irini alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani. Aliitazama ile miale mitatu ikipungua. Halafu akainama mbele akaizima yote kwa pumzi moja.

Teta akasogeza uso karibu na simu. Irini akazungumza kwa Kiarabu, polepole, na mumewe akatufasiria sentensi kwa sentensi.

"Wa kwanza hakufika siku hii. Huyu amefika. Sitaki mshumaa unichagulie. Jina lake nitalisema mimi."

Akamwinua mtoto, akamtazama usoni. Kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimengoja kuona hilo kwa siku saba.

"Sabah," akasema.

"Saba," Mama Kemunto akaitikia, akapiga makofi, "ana siku saba, nafaka saba, ameitwa Saba." Na mlangoni wote wakapokea, Saba, Saba, vigelegele vikatoka hadi uani, na Teta naye akapiga vya kwake, na vya kwake na vya kwetu havikutofautiana hata kidogo. Daktari alikuwa anapunga mikono akijaribu kutueleza kwamba Sabah kwao ni asubuhi. Irini alituangalia mmoja mmoja. Akaanza kucheka. Alicheka akiinama, mkono mmoja kwenye mishono, na nilipomkaribia kumshika niliona kifua cha gauni lake kimelowa maziwa pande zote mbili.

Walikaa nasi miaka mingine mitatu. Sasa wako kwao. Mtoto anasoma, na Irini hunitumia sauti kwenye simu kunisalimia kwa Kiswahili cha Borabu. Mama Kemunto alistaafu mwaka mmoja nami, na kila tukikutana hunishika mkono kwanza kuona kama una joto.

Jioni ya siku ile, watu walipotoka, nilileta kadi ya mtoto. Nikakata yale maneno, mtoto wa Irini, na juu yake nikaandika jina nililosikia, S, A, B, A. Irini alikuwa ananyonyesha. Akasoma kutoka pale alipokuwa, akanyoosha mkono wake ulio huru, akaniomba kalamu, na akaongeza herufi moja mwishoni.